Lebo ya Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Mimi! Niliyepakua meli bandari saba, nikaacha shule darasa la sita kwa kuwa walimu waliishiwa la kunifundisha — leo naletewa mashine ya kutafutia vifaa, eti inifundishe stoo yangu. Stoo ya hospitali, miaka kumi na tisa. Wananiita Kamusi. Muuguzi akitaka pampu ya kunyonya makohozi, anaipata kabla hajamaliza kuomba.

Bosi kasema nilipolazwa na malaria, pampu hiyo ilitafutwa saa nzima, mgonjwa akikoroma. Kweli. Imenichoma.

Kaja binti injinia, kafunga antena nne pembeni. Nikamwambia ile ya dirishani italegea. Ikalegea!

Jumanne, 4 Machi
Mchana tumekula mkate, yeye kakalia kiti cha magurudumu cha wagonjwa, mimi kreti. Tangu mama watoto afariki sijala na mtu.

Kanieleza. Lebo ni kikaratasi chenye waya ndani, betri hakina. Antena inapiga mlio mfupi wa masafa mengi kwa mpigo mmoja. Kila lebo inaurudisha kama ukuta unavyorudisha sauti, ila kila moja na lafudhi yake. Mwangwi ukichelewa, lebo iko mbali. Na kwa kuwa mlio ni mfupi, lebo mbili zikibanana bado hazichanganyiki. Adui ni bati: ukiifungia lebo humo, haisikii wala haisikiki.

"Kumbe ni popo!" nikasema. Kacheka mpaka kajishika mbavu. Eti angekuwa na mimi chuoni! Nami nikamwambia chuo kingefungwa.

Jumatano, 5 Machi
Kabandika lebo kumi na moja kwenye vifaa. Ya kumi na mbili kaibana kwenye kofia yangu, kwa majaribio. Jioni kanionyesha siku nzima kwenye skrini. Nukta kumi na moja zimelala. Moja inazunguka, inazunguka, peke yake.

"Huyo ni wewe, mzee. Mbona umesimama dirishani dakika arobaini?"

Nakagua kioo, nikasema. Uongo. Nilikuwa nangoja mtu yeyote apite.

Alhamisi, 6 Machi
Binti hakuja. Nimeisalimia mitungi ya oksijeni. Haina adabu, haikuitikia.

Bosi kaniita. Kesho ni mtihani wa mashine: itafute lebo zilizofichwa, na mfichaji ni mimi. Zikionekana lebo zote kumi na mbili, mashine inabaki, mimi napumzishwa mwisho wa mwezi. Ikikosekana hata moja, mashine inarudishwa, nabaki na stoo yangu. Na binti? Bosi kainua mabega. Kampuni yake ilishampa onyo, mashine ikirudishwa kazi hana.

Simu ya mwanangu inaita tu. Nimemimina chai vikombe viwili. Mazoea.

Ijumaa, 7 Machi, saa nne asubuhi
Naandika chooni, choo cha stoo, mlango wa mbao. Lebo kumi na moja nimezificha kiungwana: chini ya magodoro, nyuma ya mitungi. Ya kumi na mbili iko mkononi mwangu, ndani ya kopo la bati la kahawa, kifuniko kimekaza. Ufundi kanifundisha mwenyewe!

Nawasikia. Kumi na moja, kasema binti. Bosi: bado moja. Binti kasema anarudia. Kasema tena anarudia.

Nikibaki, nitabaki na nani? Na dirisha.

Lakini stoo yangu! Miaka kumi na tisa!

Na ile pampu. Saa nzima.

Kidole kiko kwenye kifuniko. Kigumu, au mimi ndiye mgumu. Kimefunguka — tak!

Halafu binti, kelele mpaka huku: "Ya kumi na mbili! Iko... chooni?"

Bosi anacheka. Viatu vinakuja. Si vya bosi, vya bosi vinaburuta. Anagonga polepole.

"Mzee Kamusi? Uko salama humo?"

Agonge tena kidogo, ndipo nitafungua.