Kidonge cha Mgao

Jumatatu, 3 Machi

Mawe tena. Karai tatu nimeponda, mkono wa nyundo umekufa ganzi. Wanawake wawili wamenifuata na ule muwasho wa chini. Nikawaambia mmefika, hapa ndio mwisho wa safari. Darasa sikulikanyaga, herufi hizi ni za kisomo cha watu wazima, lakini machimbo yote ya huku Katoro yanamjua Mama Masanja. Niliwahi kumtibu mke wa mganga. Mganga mwenyewe akaniletea ng'ombe wa shukrani. Basi, alikuwa mbuzi. Mdogo.

Dawa yangu ni kile kidonge cha fangasi cha duka la dawa. Nanunua kimoja, nakikata kwa wembe vipande vitatu, watu watatu. Huku kila kitu ni mgao. Jiwe likitoka shimoni, mwenye eneo ana fungu lake, mwenye shimo lake, wachimbaji lao. Kidonge nacho vivyo hivyo.

Kabula tu ndiye hajapona. Mke wa mwanangu Masanja. Anakula vipande tangu tulipopanda pamba. Anapoa siku mbili, muwasho unarudi. Nikamtania, wewe mvivu hata wa kupona. Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Masanja hakula. Kabula anauza chai pale karasha, mashine ya kusaga mawe, penye wanaume wengi. Mwanangu ananiambia, "Mama, ugonjwa usiosikia dawa umetoka nje. Huyu ana mtu."

Ningeweza kumwambia fangasi si mambo ya mtu. Nimeyaona miaka mingi. Nikanyamaza. Maana kama Kabula hana mtu, basi dawa yangu ndiyo haifanyi kazi. Nimeona bora awe na mtu. Naliandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Ijumaa, 7 Machi

Masanja kampigia simu mkwewe, Mzee Nkwabi, kule Ushirombo. Aje Jumapili ya tarehe 23 amchukue binti yake. Kabula alikuwa anafua. Kasikia yote.

Jumamosi, 8 Machi

Anatembea kama mtu aliyepanda punda wiki nzima. Nilitaka kumtania. Kisha akanionyesha. Kajikuna mpaka ngozi imechanika. Na mimi ndiye niliyemwambia anawe ndani kwa sabuni ya unga.

Nikamkatia kipande kikubwa. Akakisukuma. "Mayu, mama yangu, kidonge chako kimechoka. Na mimi nimechoka."

Sijawahi kukataliwa dawa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempeleka zahanati. Nesi akaniambia, "Shikamoo bibi, leo umekuja kunifundisha kazi?" Ananijua. Nikaitikia marahaba, nikakaa. Kauliza kidonge hiki Kabula kakimeza mara ngapi. Nikahesabu vidole vya mikono, nikaingia vya miguu. Nesi akaacha utani. Kaandika barua twende Shinyanga, hospitali yenye maabara ya kuotesha. Eti wanaotesha uchafu kama mbegu, waone ni fangasi gani.

Jumanne, 11 Machi

Basi, kisha bajaji. Kiuno changu nimekiacha njiani.

Kabula kachukuliwa kipimo kwa kijiti chenye pamba. Sukari wamepima, iko sawa. Nikamwambia daktari mimi nimezalisha wanawake mia nne. Hakushtuka. Kauliza dawa alikuwa anapewaje. Nikasema kidonge kimoja watu watatu. Akaweka kalamu chini.

"Watatu, bibi?"

"Watatu. Kwa haki kabisa, hakuna aliyepunjwa."

Kabula kacheka mpaka machozi. Halafu machozi yakaendelea yenyewe. Majibu Ijumaa. Tumelala kwa mdogo wangu hapa mjini.

Ijumaa, 14 Machi

Dada wa maabara kaniita nione. Visahani viwili, vidogo kama kifuniko cha kopo. Kimoja ni cha mtu mwingine, fangasi wameota rangi ya kijani. Anasema hao ndio wa kawaida, wengi wanasikia kidonge kile, ukimeza kizima. Cha pili ni cha Kabula. Wameota zambarau. Aina nyingine kabisa. Kwa macho ya mtu, muwasho ni uleule. Hata mimi nisingejua. Kaniambia hakuna anayejua bila kupima.

Kisha akaleta sahani nyingine ya hao wa zambarau, kaweka juu yake vikaratasi vya duara vyenye dawa. Kikaratasi cha kidonge changu fangasi wamekisogelea mpaka mlangoni, wamekaa kama wageni wa harusi. Kikaratasi cha pili pembeni peupe, wamekimbia wote. Nimekitazama changu muda mrefu. Miaka yote nimetamba na kile.

Daktari kasema vipande vile vimewanyonga wanyonge, wagumu wakabaki wakajaza nyumba. Na sabuni imezidisha. Nikamuuliza, je, ni mwanaume kaleta? Akasema hapana, fangasi anaishi mwilini mwa mtu, hata mtawa anapata.

"Hata mtawa?"

"Hata mtawa, bibi."

Kabula kapewa vidonge vya kuweka ukeni, kumi na vinne, kimoja kila anapokwenda kulala. Asiruke hata siku moja. "Na hivi havina mgao," daktari akasema, ananitazama mimi.

Jumapili, 16 Machi

Tumerudi. Nimemwambia Masanja ni fangasi sugu. Kauliza, sugu kwa nini? Nikajifanya nimesikia maji yanachemka, nikatoka.

Mzee bado anakuja.

Jumatano, 19 Machi

Kabula siku ya sita. Kuwasha kumepungua. Haongei na mimi. Ananipa chakula kwa mikono miwili, kwa adabu zote, na haongei.

Wanawake wamefuata vipande vyao. Nimewaambia vimeisha. Uongo, ninavyo viwili. Mimi niliyewahi kumfukuza fisi kwa mwiko, namwogopa mwanangu wa kumzaa.

Jumapili, 23 Machi

Mzee Nkwabi kafika asubuhi na kaka yake. Wamepewa vigoda. Masanja kaanza kueleza, maneno ya kuzunguka, mke wangu amekuwa na matatizo. Kabula kapiga magoti pembeni, kichwa chini.

Mbele ya mkwe mtu hataji kitu cha chini ya kiuno. Mimi mwenyewe nimewakemea wengi kwa hilo. Nikasimama. Nikataja. Nimetaja fangasi, nimetaja uke, nimetaja wembe na vipande vitatu na sabuni ya unga. Kaka yake mzee akageukia ukutani. Masanja anasema, "Mama, kaa. Mama, tafadhali." Sikukaa. Nikaweka karatasi ya hospitali chini, penye muhuri.

Nikasema, "Binti yenu hana mtu. Mimi ndiye niliyemzidishia ugonjwa, nikamwacha asemwe nikiwa najua. Kama kuna wa kurudishwa kwao, ni mimi, ila wazazi wangu wamekufa."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimekusudia wacheke pale mwisho.

Mzee Nkwabi kaiokota ile karatasi. Kisha, "Wabeja, mayu." Ameshukuru. Angenitukana ningepumua. Akamuuliza binti yake, unakwenda au unabaki? Kabula akasema, "Baba, nimalize dawa kwanza. Nitawaambia."

Mzee kaondoka na kaka yake tu. Masanja kawasindikiza mpaka barabarani. Kurudi hakuniangalia.

Jumanne, 25 Machi

Nimewaambia wanawake wote pale kwenye mawe. Vipande basi, nendeni mkapimwe. Mmoja kaniita mchawi. Mwingine kauliza nani atalipia nauli ya kwenda kupimwa. Wawili wamekwenda zahanati. Nimeponda karai moja, nikaishiwa nguvu.

Jumapili, 30 Machi

Dawa iliisha Alhamisi. Muwasho hakuna. Asubuhi Kabula kampigia baba yake simu. Anabaki. Nilisikia kutoka jikoni, hakuniambia mimi.

Masanja kachota maji mwenyewe, madumu mawili, kayaweka mlangoni kwa Kabula. Wanaume kisimani wamemzomea. Kaenda tena.

Baada ya chakula Kabula katandika mkeka upande wa kivuli, kalala. Usingizi kabisa, mdomo wazi. Jirani kaja na hadithi yake ya nyoka, ambayo mimi nina kubwa kuipita. Nikaweka kidole mdomoni pangu, anyamaze. Kaenda zake. Kuku wakaja na kelele zao, nikawafukuza kwa kandambili.

Nimekaa karibu naye mpaka jua limegeuka.