Upepeo wa Bahari Uliopuliziwa Salfa

Mjomba wangu mpendwa,

Nimeukata. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda maneno ya kuzunguka. Nimekata kijitawi cha ule upepeo wa bahari uliokuwa ukining'inia sebuleni kwako Mandawa, kitu pekee chako nilichobaki nacho. Kabla hujauliza nimepata nini, acha nikukumbushe tulikoanzia.

Ulirudi nao kutoka Lindi, ulikokuwa umempeleka mgonjwa hospitali. Nilikuwa bado shule ya msingi. Wote tulitarajia samaki wakavu, wewe ukashuka kwenye lori na kitu kama mti mdogo uliobanwa ukawa bapa, matawi yake membamba yamesukana kama upepeo wa kupepea moto. Ulisema mti huo ulinasa kwenye mshipi wa wavuvi wa kina kirefu, nao walikuwa wanautupa. Ukautundika ukutani, na mkeo akaniuliza kwa sauti ya chini kama mjomba wangu alikuwa na akili timamu.

Msimu wa mikorosho kutoa maua ukafika, na matawi ya upepeo yakaanza kupukutisha unga mweupe. Wewe ulikuwa unashinda shambani ukipambana na ubwiri unga, ule ugonjwa unaokausha maua. Ukasogea ukutani, ukasugua tawi kwa kidole, ukatikisa kichwa.

"Huu nti unaumwa," ulisema. "Ubwiri huu."

Ukaleta salfa ya mikorosho, ile dawa ya unga wa njano yenye harufu kali, ukaupulizia mbele na nyuma bila kubakiza tawi. Siku ile tulikula nje, na siku zilizofuata pia. Wageni walipiga chafya wakaondoka bila kumaliza chai, nawe ukajisifu kwamba ugonjwa umekoma. Nacheka hadi leo. Mwenzangu wa maabara akiniuliza ninacheka nini, nashindwa nianzie wapi, maana kwao hawana mikorosho.

Nilipokwenda sekondari Nachingwea ndipo nilipoambiwa kuwa si mti. Mwalimu wa baiolojia, mtu wa Bukoba aliyelalamikia joto letu kila kipindi, alitazama kipande nilichompelekea akasema ni makazi ya wanyama wadogo wengi walioshikana, na ule unga ni mabaki yao. Nilirudi likizo nikiwa na haraka ya kukwambia. Hukubisha. Uliusogelea upepeo wako, ukauliza mdomo uko wapi. Nikasema midomo ni mingi, midogo midogo. Ukauliza tena.

"Na mama yake nani?"

Kwako hilo halikuwa swali la mzaha. Unamkumbuka yule bwana aliyekuja kutoka Mbekenyera akidai ni ndugu yetu? Alikuwa na paji lako la uso, pua yako, hata kicheko chako. Wanawake walishaanza kupiga vigelegele. Wewe ukamkalisha, ukamuuliza mama yake, na mama wa mama yake, na wa huyo pia, kama sisi Wamwera tunavyohesabu ukoo, mpaka ikaonekana njia zenu hazikutani popote.

"Uso tunafanana, ukoo bado," ulimwambia. "Lakini kaa. Mama yako atajulikana."

Akakaa, ukampa na kigoda chake mwenyewe, mpaka tukavuna ufuta.

Sasa kazi yangu ndiyo hiyo hiyo yako ya kutafuta ukoo, ila mimi nautafuta wa wanyama hawa wa bahari. Kwenye miamba ya kina kirefu, kule mwanga unakofika umechoka, wapo pepeo wa zambarau, wa njano, wekundu, wengine wakubwa kuliko mlango wa nyumba yako. Sijafika huko kwa mwili wangu. Tunashusha kamera kwa waya, nami naganda mbele ya picha mpaka chai inapoa. Zamani nilidhani wote wenye umbo la upepeo ni ndugu. Sivyo, Mjomba. Chakula chao huletwa na mkondo wa maji, na anayejitandaza kuukinga mkondo ndiye anayeshiba, kwa hiyo koo mbalimbali zimeishia kwenye umbo lile lile, kila moja kwa njia yake na kwa wakati wake. Sura inadanganya. Inabidi tutazame vijiwe vidogo vya miilini mwao kwa hadubini, kisha tusome vinasaba, hasa vile vinavyorithiwa kwa mama. Niliposikia hilo darasani chuoni tulikuwa tumeshakuzika. Nilitoka nje nikalia, kwa sababu wewe ndiye niliyetaka kumwambia.

Wenzangu waliniomba kipande cha upepeo wako kwa muda mrefu. Nikasema umezeeka, salfa imeuharibu, hautasomeka. Ukweli ni kwamba niliogopa kuuona umepungua, kama vile nakupunguza wewe. Lakini kila nikiupita ukutani kwangu nilisikia swali lako, na kutojua kukaanza kuniuma kuliko hofu. Wiki iliyopita nikakata chini, karibu na shina. Vumbi la njano likadondoka mezani, na chumba kizima kikanuka Mandawa.

Majibu yametoka leo asubuhi. Umesomeka, Mjomba. Kwa sura ni sawasawa na wale wekundu wa kwenye kabati letu, na tulishaandaa nafasi yake katikati yao. Ukoo bado. Tumemlinganisha na wote tulio nao, hakuna njia hata moja iliyokutana. Mwenzangu akauliza tumweke wapi huyu mgeni, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii sikuhitaji kufikiri. Nimemfungulia droo yake mwenyewe. Salfa yake sikuifuta.

Akae. Mama yake atajulikana.

Pumzika huko uliko, Mjomba, na usiache kuuliza.

Mpwa wako,
mtoto wa dada yako Somoe, mtoto wa mama yenu Zainabu.