Masika wawili, faili moja

Butembo, Alhamisi. Ukungu tangu asubuhi, umeme upo. Mimi niko kawaida, au ndivyo ninavyojisemea.

Kazi yangu ni kuandika skripti zinazoendesha kivinjari bila mtu. Hii ya kituo cha afya huingia kwenye tovuti ya maabara, hubonyeza matokeo ya kila mgonjwa, husubiri faili ishuke yote, kisha huihifadhi kwa jina la mgonjwa. Huko kusubiri kulinitoa jasho, maana mwanzoni kivinjari kilikuwa kinafungwa faili ikiwa nusu. Nilipofaulu nikajiona fundi.

Kwetu Wanande jina hufuata zamu ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Masika. Mama yangu ni Masika. Nusu ya soko ni Masika.

Na mimi nikahifadhi faili kwa jina hilo tu.

Kivinjari, kikiachwa, huongeza (1) kwenye jina linalorudiwa. Niliona hiyo inachafua folda, nikaamuru faili mpya ifute ya zamani. Jumatatu, Masika wa Bungulu, kule Beni, akamfuta Masika wa Kipese. Muuguzi akasoma jina, akampa huyu wa Kipese karatasi isiyo yake: uvimbe wa titi si kitu. Mama wa watu akarudi kwenye viazi vyake akiimba.

Leo Masika wa Bungulu ameulizia karatasi yake. Nikashusha zote mbili upya, kwa mkono. Uvimbe wa Kipese ni saratani.

Muuguzi alitaka kupiga simu. Nikasema kosa ni langu, nitapiga mimi. Sikulia. Nimeona aibu, na niiandike hivyo hivyo.

Masika wa Kipese alinisikiliza mpaka mwisho. Nikangoja matusi.

"Mutoto yangu, basi ni vile," akasema. "Lakini hizi siku tatu nililala muzuri. Hapana mutu ataninyanganya ile. Kesho nitapanda motokari, nikuje."

Nimebadilisha mstari mmoja: namba ya mgonjwa kwanza, jina baadaye. Nimeujaribu mara kumi, haukosei.

Kesho nitaenda kumpokea kwenye kituo cha magari, nimfikishe kwa daktari. Itabidi niulize kila mama anayeshuka. Sura yake siijui. Nilikuwa najua jina tu.