Inkubeta Yetu Imejua Kuatamia

Tumati, Mbulu
19 Julai 2025

Mpendwa Shangazi Fransiska,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta hapo Songea ukiwa mzima, na goti lililokusumbua tangu Pasaka sasa linakuruhusu kufika kanisani. Sisi hatujambo, ingawa baridi ya mwaka huu ni kali.

Naomba uisome mbele ya wote nyumbani, kwa maana ni habari ya ushindi.

Unakumbuka kikundi chetu cha akina mama kilipewa inkubeta, mashine ya kutotolesha vifaranga. Mayai sitini ya kwanza yaliharibika yote. Kwa kuogopa baridi tuliifunika kwa mablanketi, tukakataza mtu kuifungua, kama tunavyomfungia ndani mama aliyejifungua. Shemeji yangu Bonaventura akatutangazia mnadani: "Wamechemsha mayai siku ishirini na moja, na bado hayajaiva!" Wanachama wakaazimia kwamba tukishindwa tena, mashine itakwenda kwa kikundi cha Mogitu. Nami ndiye mwenyekiti.

Nikamwendea Sista Scolastica wa parokiani, aliyesoma Kilatini ujanani, nikamwuliza neno hili 'inkubeta', tulilolitoa kwenye Kiingereza, lina maana gani hasa. Mimi, pamoja na ualimu wangu, nilidhani ni joto tu.

"Mwalimu mzima!" akacheka. "Limetoka kwenye Kilatini: kulala juu ya kitu, yaani kuatamia. Kamtazame kuku, mama, ndiye mwenye neno."

Nikashinda kutwa karibu na kuku wa mama aliyekuwa ameatamia. Aliyageuza mayai kwa mdomo, akanyanyuka yakapata hewa, akalala tena. Shangazi, tulikuwa tumeyapa mayai joto la kuku, lakini kazi ya kuku hakuna aliyeifanya!

Tukaondoa mablanketi, tukaweka mayai mengine, tukapangiana zamu za kuyageuza asubuhi, mchana na jioni, hadi siku ya kumi na nane, yanapopaswa kuachwa yatulie. Jumanne iliyopita Tekla, aliyekuwa zamu, alipiga vigelegele hadi watu wakakimbia kutoka mashambani. Kufikia jioni tulikuwa na vifaranga arobaini na saba.

Bonaventura naye alikuja, akainama kuvitazama. Kisha: "Mwenyekiti, oda mnapokea?" Nikamwandika wa mwisho.

Mashine haiondoki. Mogitu wenyewe wameomba tuwafundishe, na Jumamosi ijayo nitasimama mbele yao.

Mama Marieta anakusalimu sana. Nawe nisalimie Mjomba Nicodemo na watoto wote. Mungu azidi kukukumbatia kwa rehema zake.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na kukukumbuka kila siku,
Evaline