Usiwafute Wanawake wa Mawe

Kabula mjukuu wangu, marahaba. Huku Kagongwa tu wazima. Mama yako anavuna mpunga, na babu yako bado anagombana na mbuzi wa jirani.

Unauliza kama uwafute wale wanawake wanaoponda mawe ya dhahabu uliowachora ukutani hapo Geita, kwa kuwa wakubwa wa tamasha wanataka twiga wa kufurahisha wageni.

Nilipokuwa msichana, baada ya mavuno makundi mawili ya ngoma yalicheza uwanja mmoja, na lililovuta watu wengi ndilo lililoshinda. Mwaka mmoja tukaamriwa tuvielekee viti vya wageni wa heshima. Wenzetu wakatii. Sisi tukavipa viti kisogo, tukawachezea watu waliosimama juani. Mzee mmoja akafoka, "Nyie mabinti, geukeni!" Wapi! Uwanja mzima ukahamia kwetu. Mwishowe wageni nao wakaja, wamebeba viti vyao wenyewe.

Sasa waite wale wanawake wenyewe uliowachora, wasimame mbele ya ukuta wao. Anayetaka kuwafuta aje na brashi yake, awafute wakimtazama.

Ni mimi bibi yako, ambaye mpaka leo sijageuka.