Chai ya Bi Kachori

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, bado nafua mashuka hotelini. Hujambo? Nauliza kwa heshima tu, maana mdogo wangu ameshanieleza. Sukari imepanda tena, na kila jioni ukifunga cherehani unavuka barabara kwa Bi Kachori: sambusa, bhajia, jalebi zilizojaa shira, na chai ya maziwa vijiko vinne vya sukari! Unataka kukatwa mguu? Nimempigia huyo mama nikamwambia ni muuaji. Sukari ya nyumbani nimeagiza ifungiwe kabatini. Usibishe.

Bintiyo

9 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mimi mzima wa kutosha kukasirika. Nani kakutuma umtukane jirani yangu? Tangu mama yako afariki, pale ndipo ninapocheka. Sasa nikipita anageuza uso. Na mdogo wako ananipa maji ya moto, eti chai. Basi sili kitu. Furahini.

Baba

21 Machi

Baba,

Shikamoo. Nasikia umeanguka kazini. Si nilisema? Nani kakupa jalebi? Kama ni yule mama, safari hii atanitambua!

Bintiyo

2 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu kila niliposhika kalamu yalinijia matusi.

Sikula jalebi. Sikula chochote. Kwa ukaidi wangu nilimeza vidonge tumbo tupu, nikashona mpaka jasho likanitoka na macho yakaingia giza. Sukari ilishuka, haikupanda! Mdogo wako akababaika na kufuli la kabati, ufunguo hauonekani. Bi Kachori ndiye aliyesikia kelele. Alikuja mbio na kikombe cha chai tamu, akaninywesha kidogo kidogo. "Kunywa, fundi, halafu mwanao aje anifunge."

Daktari amenigombeza, nami nilistahili. Amesema nisimeze dawa bila kula. Kachori moja na kachumbari ya kutosha, ruksa; chai, nusu kijiko cha sukari; jalebi, kipande siku moja moja; kisha nitembee. Mbona hukumuuliza daktari kabla ya kujifanya daktari?

Mpigie yule mama. Kabla ya hapo usiniandikie.

Baba

30 Aprili

Baba,

Shikamoo. Unaendeleaje? Nilipiga wiki nzima hapokei. Jana kapokea. Nikasema, "Nisamehe, mama." Nikasikia mafuta tu yanachemka karaini. Kisha akasema, "Mume wangu alikufa kwa sukari hiyo hiyo. Ulidhani siijui?" Akakata. Nimelia chooni kazini. Nifanyeje?

Bintiyo

7 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Naendelea vizuri. Miaka yote hii, mimi mwenyewe hajawahi kunisimulia mumewe alikufa kwa nini.

Usipige tena. Omba likizo, uje ukae mbele yake, akuseme mpaka achoke. Mimi bado nina hasira, yeye zaidi. Lakini jana aliniwekea sahani, kachori moja, kachumbari mlima, akauliza bila kuniangalia: "Huyo mwanao, pilipili anakula?"

Baba