Kandambili za Shija

Machimboni, Masumbwe

Mama Nkwabi, mke wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako limepoa. Mvua imefika huko Kishapu, au ng'ombe bado wanapelekwa mbali kunywa? Mimi sijambo. Michembe ya viazi uliyotuma tuliipika na karanga, wenzangu wakaramba mpaka sufuria. Wabeja sana, asante.

Uliniuliza kama ni kweli mwanetu anavuta bangi, ukaniagiza nimrudishe nyumbani. Ni kweli. Sikukuandikia mapema kwa sababu nilitaka kwanza nizungumze naye, na mazungumzo na Nkwabi, unamjua, si ya siku moja.

Nilipomkanya alinijibu kwa adabu, lakini alinijibu. "Baba, simwibii mtu, simpigi mtu. Ni starehe yangu. Mbona wewe unanusa ugoro?" Hapo alinishika. Nikafunga kikopo changu. Nikamwambia sheria inakataza, akasema sheria anaijua. Basi nikamweleza kwa mfano wa kazi yetu.

Wewe hujafika hapa, kwa hiyo nikufafanulie. Mchimbaji hushuka shimoni akining'inia kwenye kamba, na juu mtu mmoja huzungusha roda kwa mikono kumshusha na kumpandisha. Mimi huandika majina ya wanaoshuka na wanaotoka. Desturi ya hapa, anayeshuka huvua kandambili zake na kumkabidhi mwenye roda, naye huzitunza mpaka mwenyewe atoke. Ni kama kusema: nimekuachia miguu yangu. Mwenye roda ni Nkwabi. Nikamwambia, "Mwanangu, mapafu ni yako. Lakini mwenzako akiwa kwenye kamba, mikono hiyo si yako peke yako."

Akainuka, akarudi kwenye roda yake.

Wiki iliyopita, asubuhi, rafiki yake Shija alivua kandambili akampa. Nkwabi akazirudisha.

"Mpe Maganga. Mimi leo nimevuta."

Watu wakaangua kicheko. "Umeokoka lini, mchungaji?" Shija akamtania. "Ungenishusha tu, nisingejua."

"Mimi ningejua."

Kicheko kikakatika. Maganga, mchimbaji mwenzao, akashika roda, na Nkwabi akashinda akibeba maji, kazi ya wageni wa machimbo, mbele ya macho ya wote. Niliacha kuandika majina, mke wangu, nikamtazama. Kabla ya machimbo nilifundisha watoto shuleni miaka mingi, na sikumbuki hata mmoja aliyesema kweli nzito kama ile bila kuulizwa. Huyu ni wetu.

Sitakudanganya kwamba yamekwisha. Anasema tangu siku ile hajavuta, nami ninamwamini, ila mazoea hayang'oki kama karanga. Lakini simrudishi. Leo asubuhi Maganga alikuwa tayari penye roda. Shija akampita, akasimama mbele ya Nkwabi, akamtazama machoni kwa muda, kisha akampa kandambili zake. Alipotoka shimoni saa nane alizikuta zimefutwa tope.

Mpe mama yako shikamoo yangu, na umwambie mjukuu wake ni mtu mzima sasa. Msalimie mdogo wangu anayetuchungia ng'ombe. Binti yetu mwambie baba yake anauliza habari za hesabu, si za mpira.

Kikopo changu cha ugoro nimemkabidhi Nkwabi anitunzie. Leo ni siku ya nne. Sijakiomba, naye hajanicheka.

Mumeo anayekukumbuka,
Baba Nkwabi